Chakula rahisi, rahisi kwa nani?



Kila Jumamosi baada ya swala ya Alasiri huwa ninasomesha darasa la akina mama katika madrasa moja ya mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam. Miezi michache iliyopita tulifika katika mlango wa matumizi ya nyumba. Kwa kuwa kila mtu alikuwa analalamikia bei za vyakula, nikaona nisiishie kwenye aya na hadithi peke yake. Nikaandika ubaoni orodha ya vyakula ambavyo familia yenye kipato kidogo inaweza kujipikia nyumbani: makande, ugali kwa dagaa, mbaazi za nazi, wali kwa kunde, matembele ya kuunga kwa karanga, mihogo ya kuchemsha na chai. Juu ya orodha nikaandika kwa herufi kubwa: VYAKULA RAHISI. Kisha nikazungumza kwa kirefu juu ya fadhila za qanaa, yaani kutosheka na alichokuruzuku Mwenyezi Mungu.

Nilipomaliza, bibi mmoja mtu mzima, ambaye hukaa mbele kila siku kwa sababu ya masikio yake, akanyoosha mkono.

"Ustadh mwanangu, makande umepika lini mara ya mwisho?"

Darasa zima likacheka. Nikasema kwa kweli sijapata kupika.

"Haya. Na jana mchana ulikula nini?"

Jana yake mchana nilikuwa nimekula pilau kwa kuku kwa mama lishe aliye jirani na shule ninayofundisha, pamoja na juisi, kwa Sh 3,500. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimeacha mezani Sh 7,000 za matumizi ya nyumbani, za kuwalisha mke wangu, watoto wetu watatu na mdogo wake mke wangu anayeishi nasi. Watu watano, kutwa nzima. Mimi peke yangu, mlo mmoja, nimekula nusu ya fedha zao.

Nikamjibu, "Nilikula kazini, bibi."

Akasema, "Eeh. Haya, endelea na darasa."

Sikuendelea vizuri. Tangu siku ile swali lake limekuwa likinizunguka, na leo nataka nilijadili mbele yenu wasomaji, kwa sababu naamini si langu peke yangu. Nalo ni hili: je, mtu anaweza kumtaka mwenzake awe na qanaa?

Nianze na lile neno nililoliandika ubaoni. "Rahisi" tumelipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni kitu cha bei ndogo. Sisi Waswahili tumeliongezea maana ya pili: kisicho na taabu. Kwa hiyo tukisema makande ni chakula rahisi, tunayasema mambo mawili kwa pamoja bila kujua. Moja ni kweli. La pili ni kweli kwa yule tu ambaye hayuko jikoni.

Nilipopata likizo ya shule nilimwambia mke wangu kuwa kwa wiki moja nitapika mimi, na kwa fedha ile ile ninayoiacha. Alinitazama kama mtu anayetazama mawingu ya Machi, akasema sawa.

Siku ya kwanza nilichagua makande, kwa kuwa ndiyo yaliyonitia aibu. Mahindi yaliyokobolewa na maharage niliviroweka tangu usiku, maana hilo nililijua kwa kusikia. Asubuhi nikanunua mkaa wa ndoo ndogo. Nikabandika. Baada ya saa moja mahindi yalikuwa mahindi na maharage yalikuwa mawe. Nikaongeza mkaa. Saa mbili, bado. Jirani akanieleza kuwa maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu hayaivi upesi, na kwamba wauzaji huyachanganya na mapya. Nikatia magadi. Wakati huo huo nazi ilikuwa inanisubiri: kuivunja, kuikuna kwenye mbuzi, kuchuja tui zito na kuliweka pembeni, kisha kuchuja jepesi la kuchemshia. Watoto walirudi shule wakakuta baba yao ana vidole vyenye mikwaruzo na chungu hakijaiva. Tulikula karibu na Alasiri.

Jioni nilipopiga hesabu nikaona kitu ambacho hakikuwepo ubaoni. Mahindi na maharage yalikuwa ya bei nafuu kweli, lakini mkaa ulikula fedha karibu sawa na chakula chenyewe. Ukinunua nusu kilo ya maharage kwa ajili ya siku moja, moto utakaouwasha ni karibu ule ule wa kuchemsha kilo nzima. Ndiyo maana mke wangu huchemsha ya siku mbili kwa pamoja. Lakini hatuna jokofu, na kwa joto la mji huu maharage yakilala bila kuangaliwa asubuhi yamechacha. Basi yeye huyachemsha tena usiku kabla ya kulala, kwa makaa yaliyobaki, na juu ya makaa hayo hayo huweka sufuria ya maji ya kuoga watoto. Nimeishi naye miaka minane na nilikuwa nadhani anachelewa kulala kwa kupenda mazungumzo na mdogo wake.

Siku ya dagaa nilijifunza kuchambua mchanga na vichwa, na kuwaosha kwa maji ya moto mara mbili. Siku ya matembele nilijifunza kuwa fungu kubwa likishapikwa hubaki kiganja, hivyo mafungu mawili hayatoshi watu sita. Na karibu kila siku nilijifunza juu ya vipimo. Mwenye fedha ya mwezi hununua mafuta ya kula kwa dumu, mkaa kwa gunia na mchele kwa kilo kumi na tano. Mwenye fedha ya siku hununua mafuta ya kupimiwa kwenye kifuko, mkaa kwa kopo na unga kwa nusu kilo, na ukijumlisha mwisho wa mwezi, aliyenunua kidogo kidogo amelipa zaidi kwa kitu kile kile. Nami mshahara wangu naupokea kwa mwezi, lakini nyumbani nilikuwa naugawa kwa siku. Ni mimi niliyekuwa naifanya nyumba yangu inunue kama nyumba ya kibarua. Sikuwa na sababu yoyote ya maana, isipokuwa kwamba fedha ikikaa mfukoni mwangu, mimi ndiye ninayeombwa.

Hapo ndipo nilipovirudia vitabu vyangu, kwa macho mengine.

Tunapohubiri juu ya ubanaji wa matumizi, aya tunazozipenda ni mbili. Ya kwanza ni ya Suratul Furqan (25:67), inayowasifu waja wa Mwingi wa Rehema ambao wakitumia hawafanyi israfu wala ubakhili bali hukaa katikati. Ya pili ni ya Suratut Talaq (65:7), inayomuamuru mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika alichopewa. Nimezisomesha aya hizi mara nyingi, lakini sikuwahi kuuliza zinazungumza na nani. Zinazungumza na anayetoa. Aliyeshika mkoba ndiye anayepimwa, na kipimo ni alichonacho, si kile alichokiacha mezani. Nilikuwa nimezichukua aya zilizoteremshwa kwa mshika mkoba na kuzisomesha kwa wanaolishwa kutoka mkoba huo.

Tazama pia kisa cha Hind binti Utba (r.a), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w) kumshitakia mumewe, Abu Sufyan, kwamba ni mtu wa kubana mkono na hampi cha kumtosha yeye na mwanawe. Lau ingekuwa leo, na lau angekuja kwangu, naogopa ningemsomea mlango wa qanaa. Mtume (s.a.w) hakumsomea. Alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na mtoto, kwa mujibu wa ada.

Na katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo wengi wa watu wa pwani tunayafuata, Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa mume anapotoa nafaka kwa mkewe, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa kusaga na kuoka mkate pia ni juu yake. Wapo wanazuoni wakubwa, akina Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim, walioona kuwa kazi za nyumbani ni wajibu kwa mke kwa mujibu wa ada, na sitaki leo nifungue mjadala huo, kwani wengine wataacha kusoma hapa hapa. Ninachotaka tukione ni kitu kimoja tu: wanazuoni hawa, karne nyingi zilizopita, walijua kuwa nafaka si chakula. Kati ya nafaka na chakula pana kazi, na walijiuliza gharama ya kazi hiyo inamuangukia nani. Mimi ubaoni niliandika nafaka nikaiita chakula.

Sasa turudi kwenye swali. Qanaa ni hali ya moyo. Mtu anakitazama kidogo alichonacho, moyo wake unatulia, hautamani cha jirani. Hali hii haiwezi kuamrishwa na mtu mwingine, kama vile huwezi kumuamuru mtu asinzie. Unachoweza kumfanyia mwenzako ni kumpunguzia chakula. Akinyamaza, hujui kama amenyamaza kwa kutosheka au kwa kuchoka kusema. Na wewe mwenye kumpunguzia ndiye wa mwisho kufaa kuwa shahidi, kwa sababu una maslahi katika jibu.

Kwa hiyo naona qanaa inafundishwa kwa njia moja tu, nayo ni kula sahani moja. Jabir (r.a) anasimulia, katika Sahih Muslim, kuwa Mtume (s.a.w) alimshika mkono akaenda naye nyumbani kwake. Ikaletwa mikate. Akauliza kama kuna kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Akaisifu siki kuwa ni kitoweo kizuri, wakala. Jabir anasema tangu siku ile aliipenda siki. Mimi nilizoea kuisoma hadithi hii kama dalili ya ubora wa chakula duni. Lakini angalia nani aliyesifu. Aliyesifu siki alikuwa anaila. Hakuisifu siki iliyoko nyumbani huku yeye ametoka kula nyama kwingine. Na mwaka wa 18 Hijria, mwaka wa ukame unaoitwa wa Ramada, Ibn Sa'd ameandika kuwa Umar (r.a) alijizuilia samli mpaka watu waipate, akawa anakula mafuta ya zeituni hadi tumbo lake likawa linanguruma. Kiongozi wa namna hiyo akikuambia subiri, utasubiri.

Kinyume chake kipo, na ni cha zamani vile vile. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra aliyefariki mwaka 255 Hijria, ametunga kitabu kizima juu ya mabakhili. Kilichonishangaza nilipokisoma chuoni ni kwamba mabakhili wake si wajinga. Ni wasemaji hodari. Kila mmoja ana hoja nzuri juu ya kuhifadhi mali, kuepuka israfu, na faida ya tumbo jepesi. Wakati ule nilicheka. Siku hizi kila nikiandaa darasa la uchumi wa nyumba huwa namkumbuka Al-Jahiz, na sicheki sana.

Nakiri kuna wasomaji wanaume watakaosema: ustadh, umetuuza. Mtu anayebeba mizigo Kariakoo au anayeendesha bodaboda tangu alfajiri hawezi kushinda na chai. Lazima ale, tena ale vizuri, la sivyo hata hiyo hela ya meza haitapatikana. Hiyo ni haki na sibishani nayo. Mwili wake ni mtaji wa nyumba nzima. Lakini mimi sibebi mizigo. Nafundisha nimesimama kivulini. Kuku yule hakuwa mtaji, alikuwa starehe, na kila mwanamume akiwa peke yake anajua sahani yake ilikuwa ipi kati ya hizo mbili. Wengine watasema kuwa akina mama nao huichota hela ya mboga wakaipeleka kwenye michezo na sare za harusi. Wapo. Hao nao wanabana sahani ya mtoto kwa ajili ya starehe yao, na hukumu yao ni ile ile yangu.

Kuna jambo la wageni, ambalo mimi naliona zito kuliko la mama lishe, kwa sababu huko angalau nilijua nafanya nini. Mwaka jana alitutembelea ndugu mmoja tuliyesoma naye, sasa mambo yake ni mazuri. Nyumbani palikuwa na ugali na mchicha wa nazi, umeshaiva. Nikaona aibu. Nikamtuma mtoto dukani akachukue soda kwa daftari, nikamkopa jirani fedha ya kuku. Mgeni alikula kidogo tu, akasema daktari amemkataza vyakula vya mafuta, akaomba mchicha. Deni lile tulililipa kwa siku nne za ugali na maharage yasiyo na nazi. Nikajiambia kuwa nimekirimu mgeni, kama alivyotuamrisha Mtume (s.a.w).

Imam Ghazali, katika mlango wa adabu za kula ndani ya Ihya, amelizungumza jambo hili waziwazi. Mwenye nyumba alete kilichopo asijikalifishe, na kama hana kitu asikope kwa ajili hiyo akajitia mashakani. Na amekwenda mbali zaidi: kama kilichopo ni chakula anachokihitaji mwenyewe na nafsi yake haiko tayari kukitoa, si lazima akitoe. Niliposoma hayo nikajiuliza, yule kuku nilimkirimu nani? Mgeni alitaka mchicha. Aliyekirimiwa ni heshima yangu mbele ya mgeni, na waliolipa ni watoto, ambao hawakuulizwa. Najua kisa cha yule Answari aliyewalaza watoto na kuzima taa ili mgeni ale ashibe, ambacho wafasiri wanakitaja katika aya ya Suratul Hashr (59:9). Lakini katika kisa kile mume na mke walishauriana, na wote wawili wakalala na njaa. Hapakuwa na mtu aliyekuwa mkarimu kwa tumbo la mwenzake.

Nisije nikaeleweka kuwa nakidharau chakula cha bei ndogo. Kinyume chake. Baada ya wiki ile nakiheshimu zaidi. Ugali kwa dagaa na matembele si chakula cha kuonewa haya. Mtoto aliyekula hivyo hajapungukiwa kitu. Mbaazi za nazi zikipikwa na anayejua, kuku ana haki ya kuona wivu. Kinachoniuma ni kuona kuwa mara nyingi tunaposema "tule vya rahisi" hatusemi mbaazi wala dagaa. Tunasema chai na maandazi mawili mchana, ugali kwa mchuzi wa nyanya usiku, na mama aliye mjamzito au anayenyonyesha anajipakulia mwisho, ukoko na kilichobaki, kwa kuwa amekwisha kufundishwa na sisi masheikh kwamba mke mwema haombi. Hapo si rahisi tena. Hapo pana mtu anayelipa kwa damu yake, nasi tunamhesabia kuwa ni thawabu zake.

Nimebadilisha mambo mawili, nayo ni madogo. Mshahara ukitoka tunakaa mimi na mke wangu tunauweka wote mezani, kodi na nauli zikitoka, unga, mchele, mafuta na mkaa vinanunuliwa vya mwezi, na kinachobaki tunajua wote wawili ni kiasi gani. Mwezi wa kwanza tuligombana, kwa sababu aliona fedha za vocha za simu yangu. La pili ni kuwa mchana nachukua chakula kutoka nyumbani, katika bakuli la mfuniko. Walimu wenzangu walinitania wiki ya kwanza kwamba nimefukuzwa na mama lishe kwa madeni. Naye mama lishe mwenyewe nimempunguzia mteja, na yeye pia ana watoto. Hilo sijalipatia jibu, na siku nyingine huenda kwake kunywa chai.

Darasani nilirudi Jumamosi iliyofuata likizo. Nikaifuta ile orodha, nikawaeleza akina mama habari ya makande yangu kama ilivyokuwa, tangu kuroweka mpaka Alasiri. Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Yule bibi hakucheka. Alisubiri watulie, akaniuliza kama nilitia magadi.

Nikamwambia nilitia.

"Mengi?"

Nikamuonyesha kwa vidole. Akatikisa kichwa, akasema basi yalikuwa machungu, na watoto wamekula kwa kumhurumia baba yao.